Karavani, Marafiki na Paka Wawili

Akina mama wengi tukisikia neno likizo tunafikiria mizigo kwanza. Nani atafunga nguo za watoto, nani atakumbuka dawa ya pumu, nani atapika huko tuendako. Baba hufunga mlango wa gari na kuuliza kama wote tumo, na wakati huo mama amekwisha kuchoka kabla gari halijawashwa. Sasa ongeza juu ya hayo nyumba nzima iliyofungwa nyuma ya gari, familia tatu zenye desturi tatu, na paka wawili ambao hawajawahi kulala nje ya kwao. Wengi waliosikia habari za safari yetu walicheka. Mama mkwe wangu, kwa simu kutoka Morogoro, aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri kwamba paka wanapelekwa likizo.

Amesikia vizuri. Na kwa kuwa akina mama kadhaa tunaosali nao hapa Reading wameniuliza tulifanyaje, nimeona ni vema niandike, maana yako mambo ambayo ni heri kuyajua kabla ya kuondoka kuliko kuyajulia njiani.

Kwa msomaji ambaye hajaiona, karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari la kawaida la familia. Ndani mna viti ambavyo usiku hugeuka vitanda, jiko la gesi, sinki, kabati zinazofungwa kwa komeo ili vyombo visimwagike, na choo kidogo cha kumwaga. Kwa Kiingereza inaitwa kwa neno lile lile linalotumika kwa misafara ya kale, kama ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ingawa hii haina wapagazi. Wapagazi ni sisi.

Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kujengewa gari la namna hii kwa ajili ya starehe tu alikuwa daktari wa jeshi la majini la Uingereza, Gordon Stables. Katika miaka ya 1860 alitumikia katika manowari zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Msumbiji. Baadaye alistaafu, akahamia Twyford, kijiji kilicho karibu sana na hapa Reading, na mwaka 1885 akaondoka na nyumba yake iliyovutwa na farasi wawili hadi Inverness, kaskazini mwa Scotland. Aliandamana na kutingo wa farasi, mtumishi aliyetangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu, mbwa mkubwa na kasuku. Huyu bwana aliwahi pia kuandika kitabu kizima juu ya paka. Nilipomsimulia mama mkwe wangu hayo alisema kwamba wazimu basi haukuanza na sisi.

Kisingizio chenye miguu minane

Sababu ya paka kwenda ilikuwa moja. Rafiki yetu, ambaye ni muuguzi na ni mkubwa kwetu kwa miaka kumi hivi, alifiwa na mumewe mwaka 2022. Sisi humwita Dada, na hapa pia nitamwita hivyo. Binti yake wa pekee yuko chuo kikuu katika mji mwingine. Majira mawili ya kiangazi yalipita Dada akiwa ndani. Anakwenda kazini, anarudi, anavuta mapazia. Kila tulipomwalika aende nasi popote, hata kwa siku mbili, jibu lilikuwa hilo hilo: “Paka nitamwachia nani?”

Paka hao walikuwa wa marehemu. Aliwachukua kutoka katika makazi ya wanyama waliotelekezwa, jike mzee aliyemwita Bibi na dume mwenye rangi ya karafuu kavu, ndiyo maana akaitwa Karafuu. Wengine kati yetu tuliona kwamba hicho ni kisingizio. Huenda kilikuwa kisingizio. Lakini mtu akikupa kisingizio chenye miguu minane, unaweza kukichukua na kukipakia ndani ya gari.

Kikwazo kilitoka upande mwingine. Rafiki yetu wa tatu, mzaliwa wa Tanga, ana mtoto wa kiume wa miaka tisa mwenye pumu, na paka humwamshia pumu hiyo. Alisema wazi, mbele ya Dada, “Nakupenda, lakini sitalaza mwanangu na paka.” Kimya kilichofuata hakikuwa kizuri. Hata hivyo namsifu kwa kusema pale pale mezani badala ya kutuambia sisi wengine pembeni. Marafiki wengi huharibikiana kwa kuficha jambo kama hilo mpaka siku ya safari.

Inafaa ieleweke kwamba kinachowadhuru watu wa namna ile si manyoya yenyewe. Ni vitu vilivyomo katika mate na ngozi ya paka, ambavyo hukauka, hupeperuka, na hunata kwenye nguo na matandiko. Kwa hiyo haitoshi kumfukuza paka dakika mtoto anapoingia. Tulikubaliana hivi: karavani mbili, moja ya familia ya Tanga ambayo paka hawatakanyaga kamwe, na nyingine ya paka. Dada atawabeba katika gari lake mwenyewe. Aliyewakumbatia atabadili nguo ya juu kabla ya kwenda kukaa na mtoto. Nyungo na dawa za kuvuta za mtoto zikae kwa mama yake, si chini ya mizigo.

Hapo likazuka la kulala. Si adabu mjane kulala chumba kimoja na mke na mume, hata kama chumba hicho kina magurudumu. Basi karavani ya paka ikawa ya wanawake: mimi, Dada, na binti zangu wawili. Mume wangu na mwanetu wa kiume wakapewa hema. Baba alilalamika kwamba hajalala hemani tangu alipokuwa JKT, lakini nilimwona jinsi alivyokunja magodoro akipiga mluzi.

Fedha tulizipata kwa njia yetu ya siku zote, yaani mchezo wa upatu. Tuko wanane, kila mwezi mmoja anapokea. Tulipanga zamu mbili ziangukie kabla ya Agosti 2024. Karavani moja ni ya shemeji wa Tanga, aliinunua kuukuu na kuifufua mwenyewe. Ya pili tulikodi.

Kuwafundisha paka safari

Paka si kama mbwa. Mbwa huona kwamba kwao ni pale alipo bwana wake. Paka huona kwamba kwao ni pale penye kona zake, harufu zake na dirisha lake. Ukimtoa ghafla unamnyang'anya vyote kwa mara moja. Kwa sababu hiyo Dada alianza wiki sita kabla. Aliweka vikapu vyao vya safari sebuleni, milango wazi, ndani akatandika shuka lililokuwa limelaliwa tayari. Wiki ya kwanza hawakusogea. Wiki ya pili Karafuu akaanza kulala humo mchana. Halafu akaviweka ndani ya gari lililosimama, kisha mwendo wa dakika tano, kisha nusu saa. Wote wawili walifundishwa kuvaa mikanda ya kifuani yenye kamba. Bibi aliangukia ubavu kila alipovikwa, akalala kama aliyepigwa risasi, mpaka alipogundua kwamba haimpatii chochote.

Kuna kifaa kidogo mfano wa punje ya mchele ambacho daktari wa mifugo hukiweka chini ya ngozi ya shingo ya mnyama. Kina namba, na namba hiyo huonyesha mwenye mnyama ni nani. Tangu tarehe 10 Juni 2024 ni sheria katika England kila paka wa kufugwa aliyepita wiki 20 awe nacho, na asiyetii anaweza kutozwa faini hadi pauni 500. Lakini kifaa hakina maana ikiwa namba ya simu iliyoandikishwa ni ya zamani. Kwa Dada iliyokuwa imeandikishwa ni simu ya marehemu. Siku aliyokaa kuibadili alinipigia, hakusema mengi, tukakaa kimya pamoja kwenye simu mpaka alipomaliza.

Wakati wa mwendo paka wabaki ndani ya vikapu vilivyofungwa kwa mkanda wa gari na kufunikwa kitambaa chepesi. Wasiwekwe ndani ya karavani. Binadamu haruhusiwi kisheria kupanda karavani inapovutwa, na mnyama naye huko nyuma hurushwa huku na huku bila mtu kujua. Wasilishwe sana saa chache kabla ya kuondoka, ila maji wapewe kila mnaposimama. Na usimwache mnyama ndani ya gari hata kama jua si kali. Chama cha kulinda wanyama cha RSPCA kimeonya kwamba siku ya nyuzi 22 tu, joto ndani ya gari laweza kufika nyuzi 47 kwa saa moja. Karavani iliyofungwa madirisha nayo huwa tanuri.

Barabarani

Tulikuwa tunakwenda Northumberland, pwani ya kaskazini-mashariki, zaidi ya kilomita 500. Gari linalovuta karavani hapa haliruhusiwi kuzidi maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu, na maili 50 kwenye barabara za kawaida za njia moja kila upande. Kwenye barabara kuu ya njia tatu haliruhusiwi kupita njia ya kulia kabisa. Kwa hiyo tuligawa safari siku mbili, tukapanda kwa M1 na A1, tukalala karibu na York.

Upakiaji ni kazi ya akina mama zaidi kuliko akina baba wanavyodhani, kwa kuwa sisi ndio tunaojaza makabati. Vitu vizito, yaani mchele, makopo, sufuria na hema, hukaa chini sakafuni katikati, juu ya ekseli. Vyepesi ndivyo hukaa juu. Ukirundika mizigo nyuma, karavani huanza kuyumba kama mkia na huweza kulivuta gari zima. Ikitokea hivyo dereva aondoe mguu kwenye mafuta polepole, ashike usukani sawasawa, asikanyage breki kwa nguvu. Shemeji alitufanya sote watu wazima tukariri hayo kabla ya kuondoka, hata mimi ambaye nilikuwa abiria katika gari la Dada.

Bibi alilia kutoka Reading mpaka tulipopita Leicester, kwa sauti moja isiyobadilika, kama mtu anayesoma orodha ya madeni. Karafuu alilala.

Usiku ule wa kwanza ndipo lilipotokea. Jirani mwema kwenye eneo la karavani alibisha hodi kurudisha sahani tuliyompelekea chakula. Mlango ulifunguliwa kidogo tu, na Karafuu akapita katikati ya miguu kama moshi. Mikanda yake ilikuwa imevuliwa ili apumzike.

Nimemjua Dada miaka kumi na minne. Msibani alisimama wima, akapokea watu, akatugawia sisi kazi. Usiku ule alikaa kwenye kidaraja cha karavani akatetemeka mikono yote miwili, akawa anasema, “Aliniachia vitu viwili tu nivitunze.” Watoto wakaanza kukimbia na tochi wakiita jina. Shemeji aliwazuia, na alifanya vema. Paka aliyetishika mahali pageni kwa kawaida hakimbilii mbali. Huingia penye giza lililo karibu, chini ya gari au ndani ya kichaka, akanyamaza kimya kabisa hata akiitwa na anayempenda. Makelele humsukuma mbali zaidi.

Basi tuliwalaza watoto. Taa zikapunguzwa. Dada akaweka nje kikapu cha Karafuu na shuka lake lenye harufu ya nyumbani, akafungua kopo la samaki, akakaa chini kwenye nyasi bila kuita. Rafiki wa Tanga, yule yule asiyetaka paka, alitoka na blanketi akakaa naye. Mimi nilikaa mlangoni na Bibi mapajani. Saa nane kasoro usiku macho mawili yalimulika chini ya karavani ya jirani, hatua kumi na mbili kutoka kwetu. Alikuja kwa tumbo, akala, Dada akafunga mlango wa kikapu. Rafiki wa Tanga alivua koti lake, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaenda kulala kwa mwanawe. Tangu hapo tuliweka kanuni: hakuna mlango unaofunguliwa kabla mtu hajatamka “paka” na kujibiwa “wamefungwa”. Watoto waliipenda mno kanuni hiyo, wakaitumia hata chooni.

Nani anapika?

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuligawa majembe siku ya kwanza. Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa jokofu: kupika, kuosha, kuleta maji, kumwaga maji machafu, kumwaga choo. Kila mtu mzima alikuwa na kila kazi, wanaume wasiachiwe choo tu na wanawake wasiachiwe sufuria tu. Nimeona likizo za pamoja ambamo akina mama watatu hupika kwa zamu na akina baba watatu huota jua bila zamu. Mama wa namna hiyo hurudi nyumbani akiwa amebadili jiko, hajapumzika. Baba watoto wangu alipika ugali siku ya pili. Ulikuwa na madonge. Tulikula.

Jambo la chakula ambalo wengi hawalijui: makombo yetu si chakula cha paka. Vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo sisi tunaviweka katika kila mchuzi, huharibu damu ya paka. Watoto wakataze kabisa kuwatupia pilau. Dawa ya paracetamol, hata kidonge kimoja, huweza kumuua. Vivyo hivyo dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini. Akiumwa, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Na hili la pili ni la watu, si la paka. Jioni ya tatu upepo wa baharini ulivuma baridi hasa, na mume wangu akasema ataingiza jiko la mkaa hemani kwa dakika chache, makaa yenyewe yalikuwa yanaelekea kuzimika. Dada aliinuka. Sijamsikia akipandisha sauti tangu msiba, lakini alimwambia, “Shemeji, weka chini jiko hilo, na mtoto asiingie humo mpaka nimeona liko mbali.” Kisha akatueleza sote. Mkaa unaokaribia kuzimika bado hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Aliyemo ndani husikia kichwa kinauma, usingizi humchukua, haamki. Hema la nailoni au karavani iliyofungwa ni ndogo kuliko chumba chochote cha nyumbani, na watu wamekufa humo hapa Uingereza kama wanavyokufa kwetu wanapolala na jiko. Karavani iwe na kengele ya kutambua hewa hiyo, na matundu ya hewa yasizibwe kwa matambara kwa sababu ya baridi. Mume wangu alipewa blanketi mbili na chupa ya maji ya moto.

Pwani ya Bamburgh

Kule Bamburgh kuna ngome kubwa juu ya mwamba, na chini yake ufuko mpana ambao watoto waliukimbilia kwa siku tano bila kuuchoka. Kijijini kuna jumba dogo la makumbusho ya Grace Darling, binti wa mtunza mnara wa taa. Mwezi Septemba 1838 meli iitwayo Forfarshire ilivunjika kwenye miamba ya visiwa vya jirani. Grace, akiwa na miaka 22, alipiga makasia pamoja na baba yake katika bahari iliyochafuka. Kwa safari mbili za mashua waliokolewa watu tisa. Mmoja wao alikuwa mama aliyekutwa juu ya mwamba amewapakata watoto wake wawili, wote wamekwisha kufa. Grace mwenyewe hakuishi sana, kifua kikuu kilimchukua mwaka 1842. Binti zangu walitaka kujua kuhusu makasia. Dada alisimama muda mrefu mbele ya habari za yule mama.

Siku nyingine tulikwenda Lindisfarne, kisiwa ambacho barabara yake hufunikwa na bahari mara mbili kila siku. Kila mwaka magari hunaswa humo na watu huokolewa. Rafiki wa Tanga ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Alisoma jedwali la maji kujaa na kupwa, akatazama mwezi, akatangaza kwamba ni bamvua na kwamba saa tisa kamili kila mtu awe garini, asiyekuwepo atakula dagaa wa kisiwani mpaka kesho. Tulivuka mchanga ukiwa bado unang'aa. Paka walibaki karavanini na mume wangu, madirisha wazi yenye wavu, siku ikiwa ya ubaridi. Aliporipoti jioni alisema Bibi amelala kifuani pake saa mbili na nusu, na kwamba hakuthubutu kwenda kumwaga choo ingawa ilikuwa zamu yake.

Wapo watakaouliza kama paka walifurahi. Karafuu alikaa dirishani akitazama sungura kila asubuhi, nadhani hakuwa na neno. Bibi alivumilia. Paka mgonjwa, au yule asiyeweza kutulia hata baada ya mazoezi ya wiki kadhaa, ningemwacha nyumbani na jirani wa kumlisha mara mbili kwa siku. Na anayetaka kuvuka bahari kwenda Ufaransa na mnyama wake ajue kwamba tangu 2021 hati za zamani zilizotolewa Uingereza hazikubaliwi. Kunahitajika cheti cha afya cha kila safari, na chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotimiza siku 21.

Mtoto wa pumu hakuugua hata siku moja. Tuliporudi Reading, Dada alifungua mapazia ya sebule ili Bibi aone dirisha lake, akayaacha wazi. Zamu yake ya upatu ilikuwa Oktoba. Aliomba ihamishiwe Mei, akasema anataka kulipia nafasi ya karavani mapema, na paka wawili waandikwe kwenye fomu.